Ulimuuliza Mara Ngapi?

Mume wangu amepandisha ng'ombe elfu sitini na ushei, na wengi wao walishika mimba. Mimi, mkewe wa ndoa, miaka minne sikushika. Naanza na hilo kwa sababu wilaya nzima ilishalisema kabla yangu, na utani wa namna hii ni afadhali uutoe mwenyewe kuliko kuusikia dukani ukiwa umebeba maziwa.

Jina lake Troels, na kazi yake ni uhamilishaji. Kila asubuhi hupakia garini mtungi wenye mirija ya mbegu za madume iliyogandishwa, pamoja na boksi la glavu za plastiki zinazofika begani, kisha huzunguka mashamba ya magharibi mwa Jutland kijiji kwa kijiji. Wakulima humwita Dume la Garini, naye hucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kinyozi hajinyoi, na hakuna aliyesahau kunikumbusha.

Mimi ni Maiken, mwalimu wa udereva. Nilizaliwa Kopenhagen, mji mkuu, ambako mtu akitaka kitu hukisema, na asipokitaka hukisema kwa sauti kubwa zaidi. Nimekaa huku miaka kumi na mmoja na bado nasemwa kwamba ninaongea mno.

Mwezi wa tatu tulikaa mbele ya daktari wa kliniki ya uzazi, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Mimi nilikuwa nimeshapimwa kila nilipopimika na nikaonekana mzima, ila kwenye kutolewa damu nilizimia mara mbili. Naogopa sindano. Si kuogopa kwa kudeka, ni kuogopa kwa kuanguka chini kama gunia. Wauguzi wananijua kwa jina, na hunilaza kabla hawajafungua pakiti. Siku hiyo ilikuwa zamu ya majibu ya Troels.

Daktari aliitwa Yrsa, mwanamke mfupi aliyening'iniza miwani shingoni. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kuanzia, na Troels ameshaisoma karatasi yote kutoka upande wa pili wa meza, juu chini.

"Hiyo ni hesabu ya mbegu kwa kila mililita?" aliuliza.

"Ya kila mililita."

"Na zinazotembea ni asilimia nne."

"Nne. Na si zote zinazokwenda mbele."

Troels akaegemea kiti. "Dume wa hivi sisi hatumpi hata namba. Anapakiwa kwenye lori la machinjioni siku hiyohiyo."

Daktari alicheka, kisha akaona kwamba aliyesema hacheki. Akavaa miwani na kutueleza taratibu. Sababu haijulikani, alisema, na mara nyingi huwa haijulikani. Kuziingiza mbegu hizi tumboni kwa mrija wa mpira tu, kama wafanyiwavyo wengine, kungekuwa kupoteza muda, maana ni chache mno. Zilibaki njia mbili.

"Ya kwanza inatumia mbegu zako, Troels. Maiken anachomwa homoni kila siku, siku kumi hadi kumi na mbili, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Tunayatoa kwa sindano ndefu, akiwa amepewa dawa ya maumivu. Halafu maabara inatafuta mbegu zako zilizo hai na kuingiza moja ndani ya kila yai. Hapo hatuhitaji mamilioni, tunahitaji kadhaa tu. Kiinitete kikikua vizuri tunakirudisha tumboni kwa Maiken. Kwa hali yenu ninyi wawili, nadhani mna nafasi moja katika tatu kila mnapojaribu."

"Ndefu kiasi gani, hiyo sindano?" niliuliza.

Alionyesha kwa vidole vya mikono miwili. Sikupenda jinsi mikono ilivyoendelea kuachana.

"Ya pili ni mbegu za mtu mwingine, mtoa mbegu. Hapo pengine hakuna sindano hata moja. Tunangoja yai la mwezi, tunaweka mbegu kwa mrija mwembamba wa mpira, dakika tano, Maiken anavaa viatu anarudi kazini. Kila jaribio lina nafasi ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini mnaweza kurudia mwezi baada ya mwezi. Hakuna njia mbaya hapa. Mnataka ipi?"

Nikamgeukia Troels. "Unasemaje? Unataka tujaribu na zako?"

"Hapana, hakuna haja," alisema. "Tuchukue za mtu mwingine. Ndiyo njia yenye akili."

"Haya," nikasema.

Nilisema haraka. Hata daktari aliinua macho. Alitupa fomu ambayo Troels angetia sahihi kwamba mtoto atakayezaliwa ni wake kisheria, nami chini yake. Tulitakiwa kuirudisha kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, pamoja na namba ya mtoa mbegu tuliyemchagua. Troels aliisaini palepale kwa kalamu ya daktari. Mimi nikasema nitaisoma kwanza nyumbani, ingawa mimi si mtu wa kusoma fomu.

Jioni ile alifungua kompyuta mezani jikoni, akaingia kwenye tovuti ya benki ya mbegu, akavuta daftari na kalamu kama anavyofanya na orodha ya madume ya msimu.

"Huyu," alisema. "Mita moja na themanini na nane. Mgongo umenyooka."

"Umeuonaje mgongo? Hiyo ni picha ya mtoto wa miaka minne."

"Mgongo huonekana mapema."

"Troels, unatafuta baba wa mtoto au wa ndama?"

"Utaratibu ni uleule. Unaanza na kasoro za mama, halafu unatafuta dume wa kuzirekebisha."

"Kasoro za mama?"

Alijua amekanyaga pabaya. "Meno," alisema mwishowe, polepole. "Meno yako ni mazuri. Upande wa meno hatuna kazi."

Nilimrushia kitambaa cha vyombo. Tulicheka, na sitaki kudanganya kwamba wiki ile ilikuwa ya kilio. Kulikuwa na mtoa mbegu mmoja aliyeandika kwamba anapenda kutembea ufukweni na jibini la zamani, na Troels akauliza kwa uzito kabisa kama kupenda jibini kunarithiwa. Lakini jambo moja nililiona. Troels ni mfupi, ana nywele nyekundu, na masikio yake yamekaa kama yanataka kuondoka. Wote aliowatia alama walikuwa warefu wenye nywele nyeusi, wapiga piano, wasomi wa hesabu. Alipofika kwa mwenye nywele nyekundu alipita bila kusoma.

"Na huyo je? Nywele kama zako."

"Hapana. Ukibadilisha dume, badilisha kwelikweli."

Ilinichoma kidogo, nikaiacha ipite. Ukweli ni kwamba tangu siku ile ya daktari nilikuwa nalala vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa sindano miezi kadhaa, na sasa hazimo. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili tulikwenda kwa mama mkwe wangu, Gudrun, anayeishi peke yake kwenye shamba la zamani. Ng'ombe waliuzwa mumewe alipofariki. Troels alipanda juu kusafisha mifereji ya bati, sisi wawili tukakaa na kahawa na keki ya mdalasini. Gudrun hajui kuzunguka mbuyu. Troels alikuwa ameshamwambia kwa simu, kwa maneno kama manne hivi, kwamba kasoro ni yake.

"Mmeamua?"

"Tumeamua. Mbegu za mtu mwingine. Tunachagua wiki hii."

"Na Troels anasemaje?"

"Yeye ndiye aliyesema."

"Alisema mwenyewe?"

"Nilimuuliza kama anataka tujaribu na zake, akasema hapana, hakuna haja."

Gudrun akaweka kikombe. "Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Mara ngapi tena?"

"Mara moja!" Alinitazama kama mtu aliyeona nimemwaga maziwa yote ya asubuhi. "Mwanangu Maiken, miaka kumi na mmoja uko huku!"

Nilielewa, na masikio yakanipata moto. Huku kwetu ukimkaribisha mtu kahawa husema hapana asante, nimetoka kunywa. Ukimkaribisha tena husema usijisumbue. Mara ya tatu ndipo husema basi, kikombe kidogo tu, na hunywa vinne. Mwaka wangu wa kwanza niliwaacha wageni wangu wote waondoke na kiu, na sifa ikafika mpaka pwani kwamba mke wa Troels ni mchoyo. Nilijifunza. Lakini nilijifunza kwa kahawa. Sikujua kwamba hata mtoto ni hivyohivyo.

"Alipokuwa na miaka tisa," Gudrun alisema, "alimlea ndama mwekundu kwa chupa, maana mama wa ndama alikuwa amekufa. Mnunuzi alipokuja, baba yake alimuuliza, unataka tumbakize huyu? Akasema hapana, si lazima. Tulikuwa na haraka, lori linanguruma, tukamuuza. Alikaa siku mbili kwenye zizi tupu. Hakulia. Alikaa tu."

"Kwa hiyo wewe unataka mjukuu wa damu yako."

"Damu!" Alicheka kwa dharau. "Mimi mwenyewe nililelewa na watu baki na nikashiba. Nileteeni mtoto wa yeyote, nitamfumia soksi. Sisemi habari za mtoto wenu, mwanangu. Nasema habari za mtoto wangu."

Juu ya bati Troels aliangusha donge la majani, likapita mbele ya dirisha.

Garini wakati wa kurudi mimi ndiye niliyeshika usukani. Nilipiga moyo konde. "Troels, unataka tujaribu na mbegu zako?"

"Si lazima," alisema akitazama mashamba. "Usijisumbue."

Maneno yaleyale ya kahawa na ya ndama, na ilikuwa mara ya pili. Kilichobaki ni kuuliza tena, jambo la sekunde tatu, na mimi kazi yangu ni kuongea kutwa nzima na vijana wasiojibu. Sikuuliza. Nilifika nyumbani, nikaegesha gari vizuri sana, nikaingia ndani. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote kuhusu mtu anayejua kabisa kwamba jibu litamdunga sindano siku kumi na mbili.

Jumatatu sikuuliza. Jumanne na Jumatano pia. Fomu ilikaa mlangoni mwa friji chini ya sumaku, sahihi yake juu, chini yake mstari mtupu. Troels alikuwa amemzungushia duara mpiga piano mmoja wa mita moja na tisini. Kila alipofungua friji kutoa siagi alikwepa kuitazama fomu. Alikuwa mpole mno wiki ile, akaosha hata madirisha, na upole wake ukanitia hasira. Nilimjibu vibaya kwa ajili ya sabuni. Usiku nililala vibaya.

Alhamisi asubuhi nilimsimamisha mwanafunzi wangu katikati ya somo la kurudi nyuma, nikamrudisha kwao, nikachukua fomu, nikamfuata Troels shambani kwa Ejner, mmoja wa wakulima wake. Najua ratiba yake yote. Nilimkuta Ejner mwenyewe akitoka zizini kwenda kuchemsha kahawa. Alinitazama viatu, akaniambia niangalie ninapokanyaga.

Troels alikuwa peke yake mwisho wa safu, nyuma ya ng'ombe mkubwa wa madoa, mkono wa kushoto umeingia ndani mpaka begani, wa kulia umeshika mrija. Shavu lake lilikuwa karibu kugusa nyonga ya ng'ombe. Akiwa katika hali hiyo huwa amefumba macho, maana anaona kwa vidole.

"Troels."

Alishtuka. Ng'ombe hakushtuka. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Unataka tujaribu na mbegu zako?"

"Maiken, mkono wangu uko ndani ya ng'ombe."

"Naona. Ndiyo maana nimekuja sasa, huwezi kupanda juu ya bati."

"Tulishaongea hayo."

"Mara mbili tuliongea. Kwa daktari na garini. Hii ni ya tatu, na nimechelewa siku nne nzima, unisamehe."

Aliendelea na kazi. Alisukuma mbegu taratibu, kama afanyavyo siku zote, akachomoa mrija na kuushika kwa meno. Mkono wa kushoto akauacha ulipo, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha. Kisha akautoa mrija mdomoni.

"Nataka," aliuambia mkia wa ng'ombe.

"Sema tena."

"Nataka tujaribu na zangu. Mara moja tu. Hata zikishindwa. Nataka nijue zilijaribiwa. Hata dume mbovu hurudiwa kupimwa kabla ya kupakiwa."

Sikuwa nimewahi kumsikia Troels akisema neno lile, nataka. Hata siku ya kuniposa alisema haingekuwa vibaya tukioana.

"Mbona hukusema kwa daktari? Mwanamume mzima, umekaa pale, unaulizwa!"

"Ulikuwa mweupe kama chokaa," alisema. "Alipoonyesha urefu wa ile sindano nilishika nyuma ya kiti chako, nikajua unadondoka. Kasoro ni yangu, halafu uchomwe wewe? Sasa ningesemaje?"

Basi hapana ile haikuwa ya adabu tu. Ilikuwa yangu mimi. Aliiona hofu yangu akaichukua, akaivaa kama yake, na mimi nikamwacha aivae kwa sababu ilinifaa. Nilikuwa nimekuja na hotuba tayari, nimeiandaa njiani, jinsi watu wa huku wanavyojiua kwa kunyamaza. Hotuba yote ilinipotea.

"Nilishukuru," nikamwambia. "Uliposema hapana, nilishukuru, Troels. Ndiyo maana sikukuuliza tena. Si kwamba sikujua desturi." Nikaanza kulia, nimesimama kwenye kinyesi na viatu vyangu vya kazi.

Alitoa mkono taratibu, akaivua glavu, akaitupa. Akaenda kwenye ndoo akanawa mpaka kwenye viwiko, kwa muda mrefu, kama daktari wa upasuaji. Alipokuja akasimama karibu bila kunigusa, maana bado alikuwa ananuka.

"Na wewe," alisema. "Unataka?"

"Hapana," nikasema. Mimi ni mtu wa Kopenhagen, hapana yangu ni hapana.

Akatikisa kichwa kukubali. Akachukua brashi akasugua buti moja, kisha ya pili, akairudisha brashi kwenye msumari wake.

"Unataka, Maiken?"

"Naogopa. Nitazimia kila siku."

"Utazimia ukiwa umelala. Nitakuchoma mimi, nyumbani."

"Wewe sindano zako ni za ng'ombe."

"Nitatafuta ndogo kidogo."

Nilicheka na makamasi. Kutoka mlangoni Ejner akapiga kelele kwamba kahawa iko tayari, na ng'ombe wawili wakageuza vichwa. Troels hakugeuka. Aliniuliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini kuliko zote, na nikaona kwamba anaogopa jibu langu kuliko mimi ninavyoogopa sindano yoyote ile. Kwa sekunde kadhaa nilijitafutia hapana nyingine na sikuipata.

"Ndiyo," nikasema. "Mpigie daktari sasa hivi kabla sijageuka."

Alipiga simu palepale, simu ikiwa imeshikwa kwa vidole viwili, akamwambia Yrsa kwamba ni Troels, kwamba tumebadili mawazo, kwamba anataka. Alilirudia mara mbili, labda kwa kuwa lilikuwa jipya mdomoni.

Fomu sikuichana. Niliikunja, nikairudisha mfukoni, na nyumbani nikaitia kwenye droo, maana nafasi moja katika tatu si kubwa na huenda tukaihitaji. Siku hiyo ikifika tutaulizana upya, yeye na mimi, tangu mara ya kwanza.